Chuo Kikuu na Dawa Isiyopimwa

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Bilele, Bukoba)



Katibu wetu aliniandikia kwamba nichague jambo lenye manufaa kwa jamii, akaongeza kwamba nisipitishe nusu saa kwa kuwa chakula kitakuwa tayari. Nitajitahidi kuyatii maagizo yote mawili.

Jambo nitakalolisema limetokana na kazi ya Kamati ya Mfuko wetu wa Elimu, ambayo mimi ni mjumbe wake. Mwaka huu tulipokea ombi la karo kutoka kwa mtoto wa mwenzetu aliyekwisha fariki. Kijana ni mwema, amemaliza kidato cha sita, na mama yake hana uwezo. Anaomba tumlipie miaka mitatu katika chuo fulani ambacho sitakitaja, asomee kile ambacho karatasi za chuo zinakiita Sayansi ya Tiba Mbadala. Tulisoma orodha ya masomo. Lipo somo la kutambua magonjwa yote ya mwili kwa kutazama mboni ya jicho. Lipo somo la homeopathi. Lipo pia somo la kutumia kifaa ambacho mgonjwa hukishika kiganjani, na baada ya dakika moja kompyuta hutoa orodha ya maradhi yake, tangu figo hadi moyo.

Kamati iligawanyika pande mbili. Upande mmoja ulisema: tumlipie, kwani dawa za asili ni urithi wetu, na kuzikataa ni kasumba ya kikoloni. Upande wa pili ulisema: tusimlipie, kwani mambo hayo yote ni ushirikina mtupu. Mimi naona pande zote mbili ziliacha swali lenyewe pembeni. Hakuna aliyeuliza kama masomo hayo yamepimwa, na kama hayakupimwa, chuo kimepata wapi ruhusa ya kuyaita sayansi. Hilo ndilo nitakalolizungumza.

Urithi wetu si wa kutupa

Kwanza napenda niondoe shaka. Sikuja hapa kuwabeza wazee wetu. Sisi sote tuliokulia vibanjani tumekunywa mubilizi tulipopata homa, na uchungu wake hatujausahau. Tunajua pia jinsi watawala wa kikoloni walivyoviweka katika kapu moja uganga wa mitishamba, ramli na uchawi, wakavidharau vyote.

Baada ya Uhuru taifa letu lilichukua njia nyingine, nayo ilikuwa njia nzuri. Mwaka 1974, katika Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Muhimbili, kilianzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili. Mwaka 1991 kitengo kile kikawa taasisi kamili, ambayo leo imo ndani ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Mwaka 2002 Bunge lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, likaundwa Baraza la kusimamia waganga na dawa zao. Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, uliozungumzia afya ya msingi duniani kote, nao uliwatambua waganga wa jadi.

Watafiti wa taasisi hiyo wamefika hapa kwetu. Profesa Mainen Moshi na wenzake walikwenda Bugabo, wakaketi na waganga, wakaandika mimea wanayoitumia, majina yake kwa Kihaya, sehemu inayotumika, namna ya kuitayarisha na ugonjwa unaotibiwa. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2009. Walifanya hivyo pia katika kata ya Katoro. Kisha baadhi ya mimea hiyo ilipelekwa maabara ikajaribiwa: je, inaua vijidudu? Je, ina sumu? Hiyo, ndugu zangu, ndiyo kazi ya chuo kikuu. Kinakwenda kwa mzee, kinamsikiliza kwa adabu, kinaandika alichosema, kisha kinarudi nyumbani kupima. Kwangu mimi huko ndiko kumheshimu mzee. Ukiyachukua maneno yake ukayafunga katika karatasi ya shahada bila kuyapima, hujamheshimu, umemtumia tu.

Sayansi ni kazi gani?

Ninaposema kupima nina maana gani? Nitatoa mfano ambao hauhitaji mtu kuwa daktari.

Mwaka 2006 mnyauko wa migomba ulionekana katika wilaya ya Muleba, ukasambaa mkoani. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Majani yalikuwa ya manjano, ndizi zikaiva kabla ya wakati, na ukizipasua ndani zimeoza. Kibanja cha mtu kiliweza kumalizika. Watu walijaribu mengi: majivu, mikojo ya ng'ombe, dawa za dukani. Kila mmoja alikuwa na jirani aliyesema dawa yake imefaa. Wataalamu wa kilimo, wakiwemo wa kituo cha Maruku, hawakuwachagulia watu jirani wa kumwamini. Walifuatilia ugonjwa unavyoingia na unavyosafiri, wakalinganisha mashamba yaliyofanyiwa jambo fulani na yale yasiyofanyiwa. Ndipo ukaja ushauri tunaoujua: kata ua dume kwa kijiti chenye panda, pitisha panga motoni au katika jiki kabla ya kuhamia mgomba mwingine, ng'oa shina lililougua. Ushauri huo ulifaa kwa aliyeuamini na kwa asiyeuamini.

Kulinganisha huko ndiko sayansi. Mafua huisha yenyewe baada ya siku chache, hata usiponywa kitu. Kwa hiyo dawa yoyote utakayokunywa siku ya tatu itaonekana imekuponya siku ya sita. Maumivu ya mgongo huja na kuondoka. Homa ya malaria hupanda na kushuka. Mgonjwa aliyepona hurudi kushukuru. Yule aliyekufa harudi kulalamika. Ndiyo maana haitoshi mganga kusema, "Nimewatibu mia wakapona." Lazima tujue walikuwa wangapi kwa jumla, walikuwa wanaumwa nini kwa hakika, na wenzao wa aina ile ile ambao hawakupewa dawa hiyo walipatwa na nini. Na ikiwezekana, mgonjwa na anayempima wote wawili wasijue ni nani aliyepewa dawa na nani aliyepewa maji ya rangi, ili matumaini yasiingie katika hesabu.

Basi nauliza: ikiwa tulidai ushahidi wa namna hiyo kwa ajili ya mgomba, kwa nini tusiudai kwa ajili ya mtu?

"Ni salama" na "inaponya"

Hatari kubwa hutokea pale neno la wasomi linapochukuliwa zaidi ya lilivyosema. Mnamo mwaka 2011 nchi nzima ilielekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, ambaye alifariki mwaka 2021. Kikombe kilikuwa shilingi 500, dawa ikiwa mizizi ya mti uitwao mugariga. Foleni za magari zilikuwa za kilomita nyingi, na wapo wagonjwa waliokufa barabarani wakisubiri. Wataalamu wa serikali walipima kikombe kile wakasema hakina madhara kwa mnywaji. Hilo lilikuwa jibu la swali moja tu, yaani swali la sumu. Lakini wananchi wengi walisikia jibu la swali jingine: kwamba kinaponya. Ziliandikwa habari za watu walioacha dawa za kupunguza makali ya UKIMWI baada ya kunywa. Maji ya ziwa yaliyochemshwa nayo hayana madhara, lakini hayaponyi kisukari.

Wenzetu wa Uganda waliona jambo linalofanana na hilo mwaka 2021, wakati wa wimbi baya la UVIKO-19. Profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Mbarara, si mbali sana na mpaka wetu wa Mutukula, alitoa dawa ya mitishamba iitwayo Covidex. Watu waliikimbilia madukani na bei ikapanda. Mamlaka ya dawa ya Uganda kwanza ilitahadharisha kwamba haijaikagua. Baadaye, mwezi Juni mwaka huo huo, iliiruhusu kama dawa ya kusaidia mwili katika maradhi ya virusi, ikieleza kwamba si tiba ya UVIKO. Naliona jambo la kujifunza hapo. Mwananchi wa kawaida hakusoma maneno "ya kusaidia". Alisikia "profesa" na "chuo kikuu", akaridhika.

Hata taasisi kubwa za utafiti hazikusalimika na haraka. Mwaka 1990 nchini Kenya ilitangazwa dawa iitwayo Kemron, iliyotoka katika taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Rais Moi mwenyewe akaitangaza kwa furaha kuwa ni ushindi juu ya UKIMWI. Majaribio makubwa zaidi yaliyofuata, yakiwemo yaliyofanywa Uganda, hayakuona faida yake. Kemron haikuwa mitishamba. Nimeitaja ili ijulikane kwamba kipimo ninachokidai ni kimoja kwa wote, kwa mwenye koti jeupe na kwa mwenye kibuyu.

Sisi watu wa Kagera tunayo sababu ya pekee ya kuwa waangalifu. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani kwetu mwaka 1983, pale Ndolage. Wengi tuliomo humu tulikuwa watoto, au hatujazaliwa. Ugonjwa uliitwa Juliana, jina la nguo za magendo kutoka Uganda, na wapo waliosema ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiwa. Kila aina ya dawa iliuzwa miaka ile. Ng'ombe waliuzwa, vibanja viliwekwa rehani, na watu wakazikwa. Darasani kwetu walikuwapo wenzetu kadhaa waliolelewa na bibi zao. Hatukuwa na haja ya kuulizana kwa nini. Kilichozuia misiba ile isiendelee kwa kasi ile ile ni dawa zilizopimwa, ambazo tangu mwaka 2004 zilianza kutolewa bure nchini.

Cheti kilichoko ukutani

Labda mtu atasema: mwacheni kila mmoja achague dawa yake, chuo kinadhuru nini? Nitasimulia jambo la jamaa yangu, kwa kifupi.

Baba yangu mdogo, mkulima wa Muleba, alikuwa na kisukari na alikuwa akimeza vidonge vyake vizuri. Mzee yule hakuwa mtu wa kudanganyika. Waganga wa ramli aliwacheka maisha yake yote. Lakini alipelekwa na rafiki yake kwenye kliniki moja ya tiba mbadala, katika mji ambao sitautaja, akashikishwa kile chuma cha kiganjani, akaambiwa sukari yake imetokana na "sumu za mwilini" na kwamba vidonge vinamharibu figo. Akanunua chupa za unga kwa fedha za mavuno ya kahawa. Akaacha vidonge. Nilipomuuliza, alinijibu: "Mwanangu, huyu si mganga wa kienyeji. Huyu amesoma. Cheti cha chuo kiko ukutani, nimekiona kwa macho yangu." Miezi michache baadaye kidonda cha mguuni kilikataa kupona, na mguu ukakatwa.

Ndugu Mwenyekiti, baba mdogo hakushindwa na ujinga. Alishindwa na heshima yake kwa elimu. Sisi ndio tuliomfundisha, tangu wakati wa kampeni za elimu ya watu wazima, kwamba aliyesoma anajua na cheti ni ushahidi. Chuo kinapotoa cheti cha sayansi kwa jambo lisilopimwa kinaichukua imani ile ya mkulima na kuifanyia biashara. Ndiyo maana nasema mganga wa kijijini asiye na cheti ana madhara madogo kuliko huyu mwenye cheti cha uongo. Yule wa kijijini mgonjwa anajua amekwenda wapi.

Wenzetu wa ng'ambo nao

Tusidhani kwamba ugonjwa huu ni wa Afrika peke yake. Uingereza, nchi yenye vyuo vya miaka mingi, ilikuwa na vyuo vikuu kadhaa vilivyotoa shahada za sayansi katika homeopathi. Homeopathi ilibuniwa na daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, mwishoni mwa karne ya 18. Namna yake ni hii: chukua tone moja la dawa, lichanganye na matone 99 ya maji, tikisa, chukua tone moja la mchanganyiko huo, utie tena katika matone 99, na kuendelea hivyo, mara nyingi hadi hatua ya 30. Wao husema kwamba kadiri unavyozimua ndivyo nguvu inavyozidi.

Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria twaweza kuipima hesabu hiyo. Ziwa letu lina kilomita za ujazo zipatazo 2,700 za maji. Ukidondosha tone moja la dawa hapo Custom, likachanganyika na maji yote hadi Kisumu na Entebbe, umefika kiasi cha hatua ya kumi tu. Bado hatua ishirini, na katika kila hatua unazimua mara mia tena. Anayekunywa dawa hiyo anakunywa maji. Baraza la taifa la utafiti wa tiba la Australia lilichunguza tafiti zilizokuwapo na mwaka 2015 likasema hakuna ugonjwa hata mmoja ambao upo ushahidi wa kutegemewa kwamba homeopathi inautibu.

Profesa David Colquhoun, mtaalamu wa dawa wa University College London, aliandika katika jarida la Nature mwaka 2007 akilalamika kwamba hizo ni shahada za sayansi zisizo na sayansi. Kabla ya hapo alikuwa ameandikia Chuo Kikuu cha Central Lancashire akiomba aone maandishi yanayofundishiwa wanafunzi wa homeopathi. Chuo kilikataa. Suala lilifika mbele ya baraza la kuamua haki ya habari, na mwaka 2009 likaamua kwamba maandishi yatolewe. Wakati huo chuo chenyewe kilikuwa kimekwisha acha kupokea wanafunzi wapya wa shahada hiyo. Nawaombeni mlishike hilo. Mwalimu wa fizikia hafichi daftari lake. Ukiona somo linalofundishwa kwa siri huku cheti chake kinatangazwa hadharani, simama uulize.

Mti mmoja, njia mbili

Huenda mtu akafikiri kwamba kupima ni njia ya kuua dawa za asili. La hasha. Historia ya dawa tunayoitumia kila siku inaonyesha kinyume.

Miaka ya sitini, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya China iliwaagiza wanasayansi wake watafute dawa mpya ya malaria. Bibi Tu Youyou na kikundi chake walikusanya maagizo ya dawa za kale zaidi ya 2,000, wakatengeneza sampuli 380 hivi kutoka mimea ipatayo 200. Nyingi hazikufaa, zikaachwa. Mmea mmoja, artemisia, ulifaa leo na kesho haukufaa. Wakarudi katika kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya nne, wakaona ameagiza mmea ulowekwe katika maji na kukamuliwa, hakusema uchemshwe. Bibi Tu akafikiri kwamba huenda moto ndio unaoharibu dawa, akaikamua kwa njia isiyohitaji joto kubwa. Mwaka 1971 ikafaulu katika wanyama, na mwaka uliofuata yeye na wenzake wakainywa kwanza wenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa mseto ya malaria iliyoko katika kila zahanati ya Bukoba na Muleba imezaliwa na kazi hiyo. Mzee Ge Hong ameheshimiwa kuliko mganga yeyote duniani, na ameheshimiwa kwa sababu alipimwa.

Sasa tazameni njia ya pili ya mti ule ule. Mwezi Aprili 2020 Rais wa Madagascar alizindua kinywaji cha artemisia kuwa kinga na tiba ya UVIKO, ijapokuwa chuo cha matabibu cha nchi yake mwenyewe kilionya kwamba ushahidi haupo. Serikali yetu ilituma ndege kukichukua. Huku mitaani majani ya artemisia huuzwa kama chai ya malaria. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba haliungi mkono matumizi hayo, kwa kuwa dawa iliyomo katika majani ni kidogo na haina kiasi kinachojulikana, na dozi pungufu huweza kuwazoesha vimelea dawa.

Jambo hilo linatuhusu hapa kwetu. Uchunguzi wa taasisi yetu ya utafiti wa magonjwa, NIMR, na washirika wake, kwa sampuli za mwaka 2021, ulikuta mkoani Kagera, hasa Karagwe, vimelea vya malaria vyenye mabadiliko yanayovifanya vichelewe kufa kwa dawa ya artemisia. Dawa mseto bado inatibu. Lakini tumeonywa. Kijana atakayetoka chuoni na shahada ya kuuza chai hiyo kama sayansi, bila kufundishwa maana ya dozi, atakuja kufungua duka lake mahali pale ambapo dozi ni suala la uhai.

Majibu kwa wapinzani wangu

Najua hoja zitakazotolewa nikishaketi. Ya kwanza: hata hospitali hukosea. Ni kweli. Klorokwini tuliyoimeza utotoni ilishindwa, na mwaka 2001 ikaondolewa katika matibabu ya kawaida. Ikaja SP, nayo ikashindwa, na tangu mwisho wa 2006 tukaingia dawa mseto. Lakini tazameni nani aliyegundua kwamba zimeshindwa. Ni wale wale waliokuwa wakizitumia. Walihesabu, wakaona, wakafuta. Nami nauliza vyuo vya tiba mbadala: katika miaka yenu yote ya kufundisha, ni dawa gani mliyoijaribu, mkaona haifai, mkaitoa katika mtaala? Somo ambalo halijawahi kufuta kitu haliwezi kuwa sayansi.

Hoja ya pili: waganga wako karibu na watu, na zahanati ziko mbali au hazina dawa. Hiyo nayo ni kweli, na mimi mtumishi wa serikali siwezi kuikana. Lakini dawa ya upungufu wa zahanati ni zahanati. Tusimpe maskini shahada ya uongo kwa kuwa tumeshindwa kumpa dawa ya kweli. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa ajabu uliua watu katika vijiji vya Bukoba Vijijini. Sampuli ilipopelekwa maabara ukajulikana kuwa ni Marburg. Waliougua walikuwa tisa, wakafa sita, na mwanzoni mwa Juni mlipuko ukatangazwa kwisha. Hebu fikirini tungekuwa tumetegemea kutazama mboni za macho.

Hoja ya tatu: cha asili hakidhuru. Mwaka 1993 madaktari wa Ubelgiji walieleza jinsi wanawake walivyoharibika figo baada ya kutumia vidonge vya kupunguza unene vyenye mmea wa Kichina. Walioathirika walikuja kuzidi mia. Muhogo mchungu nao ni wa asili, lakini hakuna mama wa Kihaya anayeupika bila kuujua.

Mapendekezo

Ndugu Mwenyekiti, ninaona harufu ya senene imekwisha fika humu ndani, kwa hiyo namalizia. Napendekeza Mfuko wetu usilipie kozi yoyote ya tiba, iwe ya asili, mbadala au ya hospitali, kabla chuo hakijajibu kwa maandishi maswali matatu. Kwanza, je, maandishi mnayofundishia tunaweza kuyaona? Pili, kwa kila tiba mnayofundisha, ni jaribio gani la kulinganisha lililoonyesha kwamba inafaa, na ni nani mwingine asiye wa kwenu aliyelirudia? Tatu, ni tiba gani mmeifuta kwa sababu ilishindwa? Kamati imekwisha kukiandikia chuo tulichoombwa kukilipa. Jibu tulilopata ni kijitabu kile kile cha matangazo, chenye picha nzuri zaidi.

Na kijana wetu je? Tusimwache. Nimeongea naye. Anapenda mimea; bibi yake alikuwa akitibu watoto kwa mitishamba, na yeye anaijua kwa majina. Kijana wa namna hiyo ndiye anayehitajika katika famasia au kemia. Alama zake zinamruhusu kuanza na stashahada ya famasia. Akihitimu aende mbele, na siku moja aingie katika taasisi ile ya Muhimbili, arudi Bugabo na Kamachumu na daftari lake, awaulize wazee, kisha apime. Napendekeza tumlipie hiyo, miaka yote mitatu, na pale fungu la Mfuko litakapopungua mimi naanza kwa kuchangia shilingi laki mbili leo hii.

Waitu, naomba kuishia hapo. Mwenyekiti, pendekezo liko mezani; naomba wajumbe waliamue kabla hatujakwenda kula.